Bastola ndogo ya zamani: nibaki na FN ya baba, nichukue Beretta ya jirani, au ile Raven ya bei chee?

Mangi wa Rau
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Niko Moshi, maeneo ya Rau. Marehemu baba aliacha bastola ndogo ya Ubelgiji, FN ya mwaka 1906 (namaanisha toleo, sijui yenyewe ilitengenezwa lini), ile inayopotea kwenye mfuko wa koti. Baada ya matanga tuliipeleka polisi, ikakaa huko huku mimi nafuatilia leseni kwa jina langu, na sasa imetoka. Kibamba cha kishikio kimepasuka upande mmoja, ndani mafuta yameganda kama uji wa jana, na magazini (kile kisanduku cha risasi) inaingia kwa kubembelezwa. Risasi zake ni za milimita 6.35.

Jirani yangu anahama. Ana Beretta 950 na yuko tayari twende polisi tukamalizane kihalali. Pia kuna mzee Usa River ana Raven MP-25 aliyokuja nayo miaka ya themanini, karatasi zake zipo, na bei yake inatia tamaa.

Nataka kujua ipi inafunguka kirahisi kwa usafi wa nyumbani, ipi haitanitesa kwa vipuri, na kazi gani nisiiguse mwenyewe. Ni kwa ajili ya shambani, siku za kulipa wavunaji kahawa. Si ya kuwekea mezani baa.

Kijana wa Unga Ltd
Nunua mbwa wawili.

Mstaafu wa Ghala
Mangi, pole kwa msiba. Nimekaa na silaha za watu wengine zaidi ya nusu ya maisha yangu, kwa hiyo nitaandika kirefu, mtanivumilia.

Hiyo FN ni kazi ya John Browning, Mmarekani aliyewachorea Wabelgiji wa Herstal. Ni chuma kitupu, magazini ya risasi sita, uzito chini ya gramu 400. Haina nyundo ya nje, ndani mna pini ya kugonga risasi, inayosukumwa na springi. Nyuma ya kishikio kuna sefti, yaani kizuizi cha kufyatua, inayojibonyeza yenyewe ukiishika vizuri. Zile za mwanzo kabisa hazikuwa na kitufe cha sefti pembeni, kwa hiyo angalia yako ni ipi kabla hujaamini chochote.

Kuifungua: magazini kwanza inatoka. Halafu vuta slaidi (kile kipande cha juu kinachoteleza) nyuma, angalia chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uhakikishe. Wanaofyatua ukuta wa sebule karibu wote walitoa magazini wakadhani wamemaliza, kumbe moja imebaki chemba. Elekeza upande usio na mtu, achilia pini kwa kuvuta kifyatulio. Sasa rudisha slaidi nyuma kidogo, shika mtutu kwa mbele, uzungushe. Mtutu una meno chini yake yaliyong'ang'ania fremu, ukizunguka meno yanaachia na slaidi inatoka kwa mbele pamoja na mtutu wake. Ikigoma, usitumie koleo. Mara nyingi ni hayo mafuta yaliyoganda, dondoshea mafuta mepesi uiache ilale usiku kucha.

Ukiitoa slaidi, springi ya pini iko huru na inapenda kuruka. Fanyia kazi ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaopitisha mwanga. Springi ya silaha ya zamani ikiingia chini ya kabati la vyombo hutaipata Moshi wala Nairobi.

Hapo ndipo pa kuishia. Usifungue sehemu ya kifyatulio. Usitoe pini ndogo za fremu. Brashi ya shaba kwenye mtutu, tambara la pamba, mswaki mzee kwenye mifereji, basi.

Mama Kibosho
Shikamoo mzee wangu. Kabla ya mtutu na springi, naomba vijana wasome alivyofanya Mangi: alipeleka polisi kwanza. Leseni ni ya mtu, hairithiwi pamoja na ng'ombe. Nimeona ukoo mmoja huku juu, mzee kafa, watoto wakaificha bastola kwenye gunia la maharage wakisubiri kikao cha ukoo kiamue nani "anastahili". Kikao kilichelewa, ikaja kukamatwa, na waliolala ndani ni wale waliosema wanaitunza tu. Sheria ya 2015 iliyofuta ile ya 1991 haina huruma kwa "tunaitunza tu".

Na huyo mzee wa Usa River, msipeane mkono wala fedha sebuleni kwake. Polisi kwanza, mkononi baadaye.

Mstaafu wa Ghala
Marahaba mama. Umesema lote.

Mwindaji Njiro
Mimi nitazungumzia hizo mbili nyingine.

Beretta 950 ndiyo rahisi kuliko zote kwa mtu wa usafi wa nyumbani. Mtutu wake unafunguka kwa juu kama bunduki ya kukunja: unabonyeza kitasa pembeni, mtutu unainuka, unaona chemba waziwazi bila kuvuta slaidi. Kwa mzee mwenye vidole vya baridi yabisi au mama mwenye mikono midogo, hilo ni jambo kubwa. Mtutu ukiwa juu, unakoki nyundo, unainua slaidi kwa mbele, imetoka. Karibu gramu 280 tu kwa sababu fremu ni ya aloi ya alumini.

Ila ina tabia yake. Haina kile kidole cha kuvutia ganda. Ganda hutolewa na nguvu ya mlipuko wenyewe, kwa hiyo risasi ikikataa kulia, slaidi haitaitoa hata uivute mpaka asubuhi. Unainua mtutu unaitoa kwa kucha. Na matoleo ya mwanzo hayana sefti ya pembeni. Springi za slaidi zimejificha chini ya vibamba vya kishikio. Usiende kuzichokonoa huko kwa bisibisi eti unatafuta vumbi.

Raven sasa. Mwaka 1968 Marekani ilitunga sheria iliyozuia bastola ndogo za bei rahisi kuingia kutoka nje. Haikukataza kuzitengeneza ndani. Miaka miwili baadaye George Jennings, kule California, akaanza kumwaga hizi MP-25 kwa kuyeyusha zamaki, yaani zinki iliyochanganywa na alumini na shaba kidogo, na kuimimina kwenye kalibu. Mtutu una chuma ndani, lakini fremu na slaidi ni zinki. Zinki inayeyuka chini ya nyuzi 420. Ndiyo maana ilikuwa bei chee, na ndiyo maana, japo ni ndogo, ni nzito kuliko hiyo FN.

Kuifungua unabonyeza kitu kinachochungulia nyuma ya slaidi kwa kijiti butu, unainua slaidi kwa nyuma, unaipeleka mbele. Dakika moja. Rahisi hasa. Tatizo ni kwamba kila ukifungua na kufunga unakwangua metali laini. Kingo zinaliwa, na siku moja slaidi inakaa kimshazari. Hakuna fundi wa kuchomelea hiyo. Ikipata ufa, imekwisha.

Mimi nisingeichukua hata ya bure.

Kijana wa Unga Ltd
Lakini kaka, watu Marekani wamezitumia miaka hamsini na zinalia. Bei inaongea. Si bora Raven inayofanya kazi kuliko FN ya makumbusho?

Mwindaji Njiro
Zinalia, sikatai. Nyingi zilikaa kwenye droo, zikapigwa boksi moja la risasi maisha yote. Mangi ameuliza matunzo. Chuma kibovu kina matunzo, zinki mbovu ina kaburi.

Fundi Saa Kaloleni
Naomba nipingane na mzee wangu kidogo, kwa heshima. Kulowesha mafuta usiku kucha juu ya mafuta yaliyoganda mara nyingi kunahamisha tope kutoka juu kwenda ndani, kwenye njia ya pini. Mimi kwenye saa naondoa kwanza mafuta ya zamani yote, ndipo naweka mapya, tone kwenye ncha ya sindano. Mafuta ya taa yanayeyusha uchafu ule vizuri, lakini yafutwe mpaka tambara litoke jeupe, maana yakikaa yanaacha unyevu na kutu inafuata.

Na watu waache kupuliza WD-40 kila mahali wakadhani wamelainisha. Inasukuma maji, inalegeza kilichokwama, halafu inakauka na kuacha gundi. Mafuta ya cherehani yanatosha.

Jingine: asilete mtu limao wala siki. Najua huku kwetu kutu tunaitoa kwa limao. Kwenye chuma cha zamani limao linakula ile rangi ya buluu inayokizuia kutu. Kwenye zinki linakula zinki yenyewe. Msasa usiguse kabisa.

Na jamani, wateja wananiletea springi za magazini niwatengenezee "kama ya saa". Jibu ni hapana. Sina leseni ya silaha na sitaki kuitafutia gerezani.

Mstaafu wa Ghala
Fundi, kwa mafuta ya taa nakubali, umeniweka sawa kwa upande wa njia ya pini. Mimi nilikuwa nafikiria mtutu uliokwama tu.

Kwa springi ninaongeza, kwa sababu hapa watu wengi hawaelewi. Bastola hizi ndogo hazina kufuli la kushikilia mtutu na slaidi pamoja wakati wa mlipuko. Kinachozuia slaidi isirudi mapema ni uzito wake pamoja na springi. Springi ikilegea, slaidi inagonga fremu kwa nguvu kila risasi. FN itavumilia muda. Raven ndiyo hupasukia hapo. Kwa hiyo ukiwa na fedha za kitu kimoja tu, usinunue kishikio cha kupendeza. Nunua springi ya slaidi na ya pini, kupitia fundi mwenye leseni, na magazini mpya ikipatikana.

Na usifyatue tupu tupu kujifurahisha. Pini za umri huo zinavunjika ncha.

Mangi wa Rau
Asanteni sana, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Swali la kijinga: baba aliacha na boksi la risasi, karatasi imeshaoza, maandishi siyaoni vizuri. Zinafaa kwa mazoezi?

Mwindaji Njiro
Hapana. Rudisha polisi.

Mstaafu wa Ghala
Mwindaji amekuwa mkali lakini yuko sahihi. Risasi za zamani zilikuwa na kiwashio chenye klorati ya potasiamu, kikiungua kinaacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi inavuta maji hewani, na kwa masika ya Moshi, mtutu utakuwa mwekundu kabla wiki haijaisha. Mafuta hayayeyushi chumvi. Aliyewahi kupiga risasi za namna hiyo anasafisha kwa maji ya moto kwanza, anakausha, ndipo mafuta. Chungulia mtutu wako kwa tochi: ukiona vishimo vyeusi kama vya ndui, huo ndio ugonjwa, na hautoki kwa brashi.

Mbaya zaidi ni risasi inayolia nusu. Kipande kinabaki katikati ya mtutu, wewe unapiga nyingine nyuma yake.

Mama Kibosho
Mimi ninauliza pa kuihifadhi. Marehemu mume wangu alikuwa anaiacha kwenye ala yake ya ngozi, ndani ya sanduku la nguo.

Mstaafu wa Ghala
Ngozi inatunza unyevu na dawa za kutengenezea ngozi, mama. Chuma kinapata kutu upande ule ule unaogusa ngozi. Ala ni ya kubebea. Nyumbani ifungwe kwenye kitambaa kikavu chenye mafuta kidogo, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, risasi pahali pengine. Na zote hizi tatu, FN, Beretta, Raven, hazikuumbwa na kinga za kisasa dhidi ya kuanguka. Usitembee nayo ikiwa na risasi chemba, hata kama sefti iko juu.

Fundi Saa Kaloleni
Kwa hiyo Mangi unachukua ipi?

Mangi wa Rau
Nimekaa na mama jioni hii tukaongea. Raven nimeiacha. Beretta ilinivuta kwa ule mtutu wa kufunguka, lakini nikipiga hesabu ya vibali vyote kwa ajili ya bastola ya risasi ile ile 6.35, naona nabadilisha tu jina. Nabaki na FN. Kesho naiandikia polisi kuwa naipeleka kwa fundi mwenye leseni Arusha aangalie kifyatulio na springi, na lile boksi linarudi.

Nimefungua kama mzee alivyoelekeza, ndani ya mfuko. Springi ya pini iliruka kweli. Mtutu una vishimo vichache karibu na mdomo, ndani kwingine kunang'aa.

Kimebaki kile kibamba cha kishikio. Kipya nimeona mtandaoni ni ghali na kinatoka mbali.

Mwindaji Njiro
Mpingo. Hapa Arusha wachongaji wamejaa, na mpingo ndio mti wanaotengenezea zumari za Ulaya, hauogopi jasho wala mafuta. Kibamba kinashikwa na skrubu moja tu. Fungua vyote viwili, kile kizima na kilichopasuka, peleka hivyo. Bastola ibaki kabatini, mchongaji haihitaji.

Kijana wa Unga Ltd
Namjua mmoja pale Soko la Maasai. Mwambie asikuchongee simba juu yake.