Kodi imetoka elfu 150 imekuwa 200 na mwenye nyumba anataka miezi sita, nilipe au nihamie kwenye pagale langu Zingiziwa?

Kibarua_Gerezani ameandika:

Habari zenu wakuu, naomba ushauri wa kweli, kunicheka mtanicheka baadae maana jana usingizi umenipaa kabisa.

Napanga Segerea, chumba na sebule, choo ndani, jiko ni kile kikona tu unapika huku mgongo umegusa ukuta. Mwaka wa tatu huu. Nalipa 150 kwa mwezi, miezi sita sita. Jumamosi narudi kazini nakuta karatasi ya kauntabuku imekunjwa mara nne imepitishwa chini ya mlango, mwandiko wa baba mwenye nyumba mwenyewe, eti kuanzia mkataba ujao kodi ni 200 "kutokana na hali ya maisha kupanda" na kama siwezi nimjulishe mapema atafute mtu mwingine. Sasa hali ya maisha imempandia yeye peke yake?

Hesabu yangu hii hapa. Mshahara kwenye karatasi laki tano. NSSF wanakata elfu 50, PAYE 14,400, nabaki na 435,600. Nikitoa 200 nabaki na 235,600, humo kuna nauli ya Segerea mpaka Gerezani kwenda na kurudi, chakula, gesi, maji, mtoto yupo la tatu na michango yake ya kila wiki, na mama kule Korogwe siwezi kumruka. LUKU tuko wapangaji watatu mita moja, kila mwezi inakatwa 1,500 ya kodi ya jengo, jengo la baba mwenye nyumba anayelipa sisi. Ilianza buku mwaka 2021 ikaja buku jero 2023 na hakuna siku aliyoturudishia hata mia.

Ila kinachoniua sio hiyo 200, ni 1,200,000 kwa mkupuo. Zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana hela kwa kijumbe bado wiki tisa. Njia nyingine ni wakopeshaji wa riba kubwa, kausha damu, na hao siwarudii, mwaka juzi walikuja wanaume watatu wakabeba friji langu mchana kweupe nikiwa kazini, mtoto ndo aliwafungulia mlango.

Sasa nina kiwanja 20 kwa 20 Zingiziwa, mbele ya Chanika, nilinunua kidogo kidogo 2021. Nimesimamisha boma la vyumba viwili limefika linta likaishia hapo, mara ya mwisho nimeenda nimekuta kuku wa jirani katagia ndani. Je nibanebane nilipe hii kodi, nitafute chumba cha bei ndogo, au nikaezeke kile kibanda nihamie hivyo hivyo?

Mpambanaji wa Kivule:

Mkuu hamia kwako leo kabla ya kesho. Mimi niliingia kwangu madirisha nimeziba na viroba vya saruji, mlango wa bati, mvua ikinyesha tunahamisha kitanda katikati. Mwaka wa nne sasa sijui dalali anafananaje. Ile mil 1.2 ukimpa mwenye nyumba baada ya miezi sita imekufa na anaandika karatasi nyingine.

Bi Mkubwa Tabata:

Nitatukanwa ila ngoja niseme maana mimi ndo hao wenye nyumba mnaowasema. Nina vyumba vinne vya kupangisha, marehemu mume wangu aliviacha, ndo pensheni yangu hiyo sina nyingine. Mnauliza kwanini miezi sita. Nilishapokea kwa mwezi mwezi, mwezi wa kwanza analipa vizuri, wa pili anakwambia mama nivumilie mshahara umechelewa, wa nne simu haipokelewi, wa tano unakuta kahama usiku na swichi za ukutani kang'oa. Ukimpeleka kwa mjumbe mnaambiwa mkakae chini myamalize. Afu hela ya mwezi mmoja mmoja haifanyi kitu, inaishia sokoni, miezi sita ndo unalipa ada unaziba na bati linalovuja.

Ila kupandisha elfu 50 kwa mpigo, mtu wa miaka mitatu asiye na usumbufu, hapo huyo mzee kazidisha. Mdogo wangu usimjibu kwa karatasi wala meseji. Nenda jioni, mkae, mwambie nimekaa miaka mitatu sijawahi kukuchelewesha, naomba iwe 170 na nilipe mitatu mitatu. Mpangaji mzuri ni mali, chumba kikikaa tupu miezi miwili hasara ni yake na yeye anajua.

Dogo_Ramani:

Mi nafanya udalali, wala sijifichi. Segerea, Kinyerezi, Tabata kwa sasa chumba na sebule chenye choo ndani cha 150 ukikipata ujue kina kasoro, ama maji hayapandi, ama njia ikinyesha boda haingii. Kwaiyo ukihama bado utadondokea 180 mpaka 200 hapo hapo, ongeza mwezi mmoja wangu, ongeza kirikuu cha kuhamisha vitu. Hesabu ni miezi saba sio sita.

Mpambanaji wa Kivule:

@Dogo_Ramani na ile elfu 20 ya kwenda kuonyesha chumba mbona hujaisema, unapelekwa vyumba vitatu vyote vimeshachukuliwa 😂

Dogo_Ramani:

Mkuu mafuta ya pikipiki anaweka nani

Mzee wa Kota:

Nyie vijana hamjui kwamba kuna wakati mwenye nyumba alikuwa hawezi kuamka tu akaandika karatasi. Kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, kuna Baraza la Nyumba, mwenye nyumba akizidisha unampeleka anaulizwa kwa misingi gani. Ilifutwa 2005, tukaambiwa soko litajipanga lenyewe. Soko limejipanga, matokeo yake ndo hiyo karatasi ya kauntabuku. Hata hii habari ya miezi sita hakuna sheria iliyosema miezi sita, ni mazoea tu yaliyoota mizizi, kila mwaka tunasikia yatakatazwa na kila mwaka tunalipa.

Na kusema kweli hiyo sheria nayo ilikuwa na ubaya wake, watu walikuwa wanakaa kwenye nyumba kwa kodi ya kununulia sigara, mwenye nyumba hakarabati, nyumba inamdondokea mpangaji. Lakini mwenye mshahara mdogo alikuwa na pa kulia.

Kuhusu nyumba za serikali, angalia Magomeni Kota. Kaya 644 zilivunjiwa zile kota za zamani, zikasubiri miaka, maghorofa yakafunguliwa Machi 2022. Ni majengo mazuri sana nimeingia kwa jamaa yangu, lift ipo, maji yapo. Lakini ni 644 kwenye jiji la mamilioni. Wewe wa Gerezani hesabu yako haimo humo.

Msomi_Njaa:

Na wale wa "kakope benki ujenge" msije mkaandika hapa nimewawahi. Chukua nyumba ya mil 60, ambayo Dar hii ni nyumba ya kawaida kabisa, riba weka 15% ambayo ukiipata unashukuru, miaka 20, rejesho ni karibu laki nane kila mwezi. Huyu dada au kaka anaingiza 435. Kima cha chini cha sekta binafsi chenyewe kilichoanza Januari 2026 ni 358,322 kwa mwezi, kimepanda kama 30% kutoka 275,060, ni vizuri kwa kweli sibezi, lakini mwenye nyumba nae alisoma gazeti siku ile ile. Ndo maana mfanyakazi wa mji huu anajengea mfukoni, tofali hamsini mwezi huu, mifuko miwili mwezi ule, miaka kumi inaisha boma limeota mibono.

Wa_Kayole:

Salamu kutoka Nairobi. Hii maneno ya miezi sita huwa inanishangaza kabisa, huku kwetu unalipa kila mwezi kabla ya tarehe tano na dipoziti ya mwezi mmoja ukiingia. Lakini msidhani ni raha. Tarehe sita asubuhi kareteka, msimamizi wa nyumba, anakuja na kufuli yake anafunga mlango na vitu zako ziko ndani, nimeona mama akilala kwa ngazi na mtoto. Na dipoziti ukihama unaambiwa imeisha kwa rangi.

Kisha tunakatwa 1.5% ya mshahara ya housing levy, tozo ya nyumba, tangu 2023, korti ikasema imevunja katiba, wakatunga sheria mpya Machi 2024 tukaendelea kukatwa. Nyumba zinajengwa kweli, tunaziona kwa macho, lakini mimi nakatwa na bado naishi bedsita ile ile, chumba kimoja tu. Kwa hivyo dada, kama uko na ploti yako hata kama ni mbali, sisi wengine tunaota hiyo tu.

Nuru_Binti Chanika:

Naona wote mnamwambia ahamie Zingiziwa, hakuna aliyekaa huku anayesema ukweli. Mimi nimetoka Buguruni nikaja Chanika mwaka wa pili sasa. Naamka saa tisa na nusu usiku. Boda kutoka ndani mpaka barabarani buku, hapo bado giza na huyo boda lazima uwe unamjua kwa jina na kwa mama yake. Gari la kwanza mpaka Gongo la Mboto, la pili mpaka mjini, na barabara ya Nyerere walivyoichimba kwa mwendokasi kuna siku nimefika saa tatu asubuhi bosi anasoma saa hajasema kitu. Kwa siku natumia karibu elfu nne, siku 26 ni laki moja na elfu nne. Kwaiyo nilikimbia kodi ya 120 nikaja kulipa 104 kwa makonda.

Tofauti ni moja, nikiumwa sina wa kunigongea. Na kuku ninao, mchicha sinunui. Ila mtoto wangu ananiona Jumapili, siku nyingine natoka kalala narudi kalala. Hili la mtoto lipime vizuri mwenzangu, hasa kama uko peke yako.

Kibarua_Gerezani:

Asanteni sana, kwanza mimi mwanamke, hiyo "mkuu" nimeipokea kwa mikono miwili 😂

@Nuru_Binti Chanika umenigusa panapouma. Niko peke yangu na mtoto. Nilikuwa napiga hesabu ya kodi tu, ya saa tisa usiku sikuipiga.

@Bi Mkubwa Tabata nimefanya ulivyosema. Nimeenda jana jioni na mkono wa ndizi nilizoletewa kutoka Korogwe. Mzee kanisikiliza, kakaa kimya mpaka nikaanza kuogopa, afu akaniambia hata yeye mwanae karudishwa chuo kwa ada. 170 kakataa, kasema 180 na nilipe mitatu mitatu, ila mwaka kesho tutaongea tena. Kwahiyo ni 540,000 badala ya mil 1.2. Hiyo naiweza bila kausha damu. LUKU nilivyotaja 1,500 ya jengo akacheka akasema hiyo tugawane watatu, nikaona nisimchokoze.

Sasa nimewaza hivi, nibaki hapa mpaka mtoto amalize la nne, huku mchezo ukitoka nakwenda kuezeka chumba kimoja na choo. Kuna fundi humu?

FundiTofali:

Nipo dada, nilikuwa nasoma kimya kimya.

Usianze na bati, anza na karatasi. Hicho kiwanja una hati ya mauziano ya serikali ya mtaa tu au umeingia kwenye urasimishaji, kupimiwa na kupewa hati rasmi? Nenda mtaani kaulize kama eneo limepimwa na barabara zimepita wapi. Nimejengea mteja Msongola, akaja kupigwa X ya kubomolewa kupisha barabara kwenye sebule. Sebule nzima.

Pili ng'oa majani yaliyoota humo na kagua linta, kama nondo zimechomoza nje zimekaa muda mrefu zitakuwa zimeshika kutu, zipigwe brashi kabla hujaendelea. Tatu achana na mambo ya kuficha paa, hiyo ni mitindo ya wenye hela, wewe piga mteremko mmoja kuelekea nyuma, mvua ikitoka inaingia kwenye simtanki au pipa unapunguza kununua maji. Milango nunua ya chuma iliyotumika, Buguruni ipo, madirisha weka nondo na wavu, vioo vitakuja na Mungu. Shimo la choo lichimbwe kiangazi, Zingiziwa ukichimba masika linajaa unachota tope wiki nzima na fundi anataka posho.

Chumba kina ukubwa gani?

Kibarua_Gerezani:

Tatu na nusu kwa nne. Karatasi ni ya serikali ya mtaa tu, Jumatatu naomba ruhusa niende. Kuna mtu ananiuzia bati za mita tatu alizobakiza, bei nzuri, nichukue niunganishe?

FundiTofali:

Usichukue. Mteremko unafata huo upande wa tatu na nusu, ongeza unene wa kuta na bati litokeze kidogo nje ukuta usilowe, unahitaji kama mita nne na robo. Bati la mita tatu utaliunganisha katikati na huo mteremko mdogo maji yatarudi kwenye kiungo, utakuja kunilaumu humu humu. Nenda kwa wanaokata kwa kipimo, waambie migongo mipana, mita nne na robo, bati sita, choo tutakipima siku hiyo. Ukishatoka serikali ya mtaa andika hapa wamekwambia nini kuhusu barabara ndo tuongee mbao.