PS5 ya CD au Xbox Series S? Jumamosi naingia Kariakoo

Mtoto wa Kitunda
Wakuu, habari za muda huu.
Niende moja kwa moja kwenye mada. Jumamosi naingia Kariakoo kuchukua mashine ya gemu. Zimebaki mbili kichwani: PS5 ile yenye sehemu ya CD, used ya Dubai, au Xbox Series S mpya ya boksi. Bei hazijaachana sana. Wajuzi nishaurini, ipi haitanisumbua? Matusi wekeni pembeni.

Fundi Mkaa Dirishani
Mkuu, hapo hujasema kitu. Bajeti shilingi ngapi? TV ikoje? Intaneti ni bando la simu au una waya nyumbani? Unacheza gemu gani, peke yako au na watu? Jibu hayo kwanza, la sivyo kila mtu humu atakuuzia anachokipenda yeye.

Kipara Ngoto
PS. Funga uzi.

Boksi Jeupe
Kipara na wenzako mna ugonjwa. Bongo mtu akiona gemu yoyote anaita PS, hata Xbox ataiita "PS ya Xbox".
Mleta mada, nina Series S mwaka wa tatu. Kadogo, kanaingia kwenye begi la laptop, hakapigi kelele, hakachemki. Unalipia Game Pass, unafunguliwa maktaba nzima ya magemu. Mwenye PS5 ananunua CD moja kwa bei ya gunia la mchele. Sisi wenye akili tunalipa kidogo kidogo.

Mpemba Mtulivu
Kidogo kidogo? Oktoba 2025 Game Pass Ultimate ilipanda kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi. Hebu zipige kwa mwaka, halafu urudi na hilo gunia la mchele.

Boksi Jeupe
Kuna vifurushi vya chini yake. Sijasema lazima Ultimate.

Fundi Mkaa Dirishani
Boksi Jeupe, sema yote. Series S haina sehemu ya CD kabisa. Kila gemu ni kushusha. Ile ya kawaida ni GB 512, lakini ukishatoa ya mfumo unabaki na kama 364. Gemu kubwa moja inaweza kula 100. Sasa mtu wa bando la simu atashusha mangapi? Ndiyo maana nimeuliza intaneti na mleta mada kakaa kimya.

Mama Wawili
Nami nafuatilia, kijana wangu kamaliza la saba na ananidai ahadi. Samahani kwa swali la kizamani: nikinunua hiyo isiyo na CD, yale ma-CD ya PS4 aliyoachiwa na mjomba wake nayatupa?

Mpemba Mtulivu
Usitupe dada. PS5 yenye sehemu ya CD inasoma CD za PS4, karibu zote. Ukichukua Xbox, hizo utakuwa unaweka vikombe vya chai juu yake. Na kuna la pili: CD unaicheza, ikikuchosha unaipeleka Kariakoo, unaongeza kidogo unabadilishiwa. Gemu ya kushusha ukiichoka imekwisha hapo, huwezi kumuuzia hata jirani.

Mtoto wa Kitunda
Nimerudi wakuu, nilikuwa kazini. Bajeti milioni moja na nusu. TV flati inchi 32. Intaneti bando la simu, ila sichezi onlaini sana. Gemu ni mpira tu, labda na ngumi kidogo. Kucheza ni na watu.

Kipara Ngoto
Watu wangapi?

Mkongwe wa Chipu
Kabla hamjafika mbali, kuhusu hiyo "used ya Dubai" ngoja niwape yangu, mjifunze bure.

Mwaka juzi nilimpata kijana mtandaoni anauza PS5, ile isiyo na CD. Safi, haina hata mkwaruzo. Utamu ukawa huu: ndani ilikuwa na magemu kumi na manne yameshajaa. Mpira, ngumi, magari, kila kitu. Nikaijaribu kwake, zote zinafunguka. Anatabasamu, ananiambia "kaka hapa umenunua na duka lake". Nikatoa hela nikapanda bodaboda, mashine nimeipakata kama mtoto mchanga.

Wiki tano nimekula raha. Wiki ya sita narudi usiku, nimenunua na chipsi zangu, nawasha: kila gemu ina kakufuli pembeni. Nikadhani mtandao. Nikazima, nikawasha. Kufuli. Nikabadilisha laini ya simu. Kufuli. Nikampigia kijana, namba haipatikani mpaka leo.

Fundi mmoja ndiye aliyenifumbua macho. Magemu hayakuwa ya mashine, yalikuwa ya akaunti. Yule bwana akaunti kabaki nayo, nenosiri analo yeye, kaihamishia mashine nyingine. Huenda aliiuza ileile kwa watu wanne. Mimi nimebaki na boksi jeupe zuri la kuwekea maua. Kuanza upya nikafungua akaunti ya Afrika Kusini maana Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PSN, yaani mtandao wa PlayStation wenye duka lake, nikaanza kununua kadi za hela, gemu moja moja.

Kwa hiyo mleta mada, ukifika dukani, mwambie muuzaji aifute yote mbele yako, ianze na "chagua lugha". Akianza kujiuma, ondoka.

Boksi Jeupe
Pole mkuu. Ila hapo kosa si la mashine, ni la tamaa ya vya bure.

Mkongwe wa Chipu
Sijasema ni la mashine. Nimesema afute.

Chande wa Kisauni
Salamu kutoka Mombasa. Mimi shemeji yangu alinitolea Xbox 360 Marekani zamani hizo, na mimi kwa kiherehere nikaichomeka ukutani moja kwa moja. Ile adapta yake kubwa kama tofali ilikuwa ya volti 110. Ilitoa mlio "tap!" na harufu ya samaki aliyeungua. Mama akauliza nani anapika. Tangu hapo kitu cha Marekani nakisoma maandishi yake ya nyuma kabla sijakigusa.

Fundi Mkaa Dirishani
Hizo 360 zimenilisha sana, zilikuwa zinakuja kwa foleni. PS5 na Series S zote zinakubali 100 hadi 240, hilo lisikutishe. Umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo ndio wa kuogopa. Tenga hela ya stabilaiza.

Mtoto wa Kitunda
Kipara umeuliza watu wangapi. Nilikuwa sijamalizia. Ni kibanda. Nimepata fremu karibu na shule, nataka kuanza kuchezesha, mechi moja 500. Naanza na mashine moja, Mungu akijalia naongeza.

Fundi Mkaa Dirishani
Yaani kibanda! Na hilo ulikuwa unalificha la nini? Futeni ushauri wote wa juu.

Kipara Ngoto
😂😂😂 Tumepoteza siku nzima.

Mzee wa Padi
Sasa hapo ni kwangu. Nimechezesha tangu enzi za PS2 zilizochipwa, PES kwenye TV ya chogo, nyaya za nyekundu, nyeupe na njano. Nisikilize.

Kibanda hakiangalii picha nzuri. Kibanda kinaangalia padi. Mtoto akifungwa dakika ya 89 haipigi TV, anaipiga padi chini. Raba ya analogi, kile kijiti cha kumwongozea mchezaji, inalika, siku mbili tatu mchezaji anatembea mwenyewe kuelekea kona hujamgusa, na mteja anadai 500 yake. Padi ya PS5 ni ghali, na fundi akifungua hapati kazi rahisi. Padi ya PS4 vipuri vimejaa kila mtaa, analogi inabadilishwa ukisubiri.

Hapo mtu ataniambia "chomeka padi ya PS4 kwenye PS5". Inakubali, ila kwa gemu za PS4 tu. Ukiweka gemu ya PS5 inakugomea.

Kwa milioni moja na nusu, mimi nachukua PS4 Slim mbili used na padi tano. Mpira wa FC 26 wenyewe umetoka mpaka PS4. Mashine mbili zinakusanya 500 mbili kwa wakati mmoja, PS5 yako moja inakusanya moja huku watu wanane wamesimama mlangoni wanakula miwa na kuchafua.

Mpemba Mtulivu
Mzee kasema kweli, lakini PS4 ni ya 2013, hata hizo Slim ni za 2016. Anawekeza kwenye kitu kinachoaga. GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series, PS4 haimo.

Mzee wa Padi
Nani anakuja kibandani kucheza GTA kwa 500? Mtu atembee na gari saa nzima asimalize? Kibanda ni mpira, dakika sita sita, simama mwingine akae.

Boksi Jeupe
Hata kwa kibanda natetea Series S. Piga hesabu ya LUKU. PS5 kwenye gemu nzito inavuta wati 200 hivi, Series S haifiki 100. Kwa saa kumi na mbili, PS5 inakula uniti mbili na pointi nne. Uniti ukiiweka shilingi 350, ni kama 840 kwa siku. Series S ni nusu ya hapo au chini.

Mzee wa Padi
Unaokoa 400 kwa siku, halafu padi zako zinataka betri za tochi mbili mbili. Padi nne, betri nane. Umeokoa nini?

Boksi Jeupe
Unachomeka waya wa USB-C, betri za nini? Na kibandani padi zote zina waya, vinginevyo zinaondoka na wateja.

Mzee wa Padi
Hapo kwenye kuondoka na wateja tuko pamoja. Za kwangu nimezifunga kwa waya wa baiskeli mezani.

Chande wa Kisauni
Kwani wateja wako, mleta mada, wanacheza FC au eFootball? Hapa kwetu vijana wote wamehamia eFootball ya kwenye simu, bure. Kibanda cha jirani yangu kimegeuka kinyozi.

Kipara Ngoto
eFootball si mpira, ni matangazo yenye mpira ndani.

Chande wa Kisauni
Na FC ni kamari ya makadi.

Mkongwe wa Chipu
eFootball ni bure kwa anayecheza onlaini na timu yake. Kibandani watu wanataka kukaa wawili, mmoja Madrid mwingine City. eFootball ukicheza hivyo timu za kuchagua ni chache, watoto watakuuliza Arsenal B iko wapi.

Mama Wawili
Jamani fremu ya gemu karibu na shule? Mimi ni mzazi. Watoto wataacha hela ya chai humo, na wengine hawatafika darasani kabisa. Mwenyekiti wa mtaa akija kukufungia usishangae.

Mtoto wa Kitunda
Mama nimekuelewa. Nitafungua saa tisa alasiri, wakiwa wametoka. Wenye sare sitawaruhusu.

Mama Wawili
Watavua shati, watacheza na singlendi.

Mzee wa Padi
Kweli kabisa 😂. Mimi nilikuwa nao wanaficha shati kwenye ndoo ya maji.

Mpemba Mtulivu
Mleta mada, TV yako ina matundu mangapi ya HDMI?

Mtoto wa Kitunda
Moja. Lina king'amuzi cha Azam, siku za mechi nataka kuonyesha ligi pia.

Fundi Mkaa Dirishani
Kila siku unatoa kipande kimoja kama sabuni ya jero. Kuchomoa na kuchomeka HDMI mara kumi kwa siku kunaua tundu la mashine, na hiyo ndiyo kazi ninayoipokea kuliko zote. Nunua kile kigawio cha kubadilishia kwa kitufe. Na siku ya Simba na Yanga utachezesha gemu au utaonyesha mpira?

Kipara Ngoto
Siku hiyo anaonyesha mpira na anauza soda. Swali: fremu yako ni ya Simba au ya Yanga? Maana ukikosea rangi ya ukuta hata PS6 haitakusaidia.

Chande wa Kisauni
Mimi ningekuwa mmoja wenu ningeangalia mpira, nikanywa na soda.

Mtoto wa Kitunda
Wakuu Jumamosi imepita, mvua ilipiga, sikwenda. Nimechanganyikiwa zaidi ya mwanzo. Mzee wa Padi ananivuta kwenye PS4 mbili, lakini mwenye fremu anasema kibanda cha pili kinafunguliwa mtaa wa nyuma na jamaa ana PS5. Wateja si watakwenda kwenye PS5?

Mzee wa Padi
Watakwenda kuangalia wiki ya kwanza. Yeye anachaji ngapi?

Mtoto wa Kitunda
Sijajua. Naulizia.

Boksi Jeupe
Akichukua Series S atakuwa wa kipekee mtaa mzima.

Kipara Ngoto
Wa kipekee na wa kukaa peke yake.

Mkongwe wa Chipu
Kuna mtu humu alikuwa anauza PS4 Slim Tegeta, bado ipo? Na akaunti imefutwa?

Mama Wawili
Samahani niulize tena, hiyo padi ya PS4 inaingia PS5 kwa gemu zote?

Fundi Mkaa Dirishani
Za PS4 tu mama. Ipo hapo juu.