Masika yanaua mbio zangu kila mwaka, nifanyeje?

MamaKulwa_Mkolani

Mwangaluka wapendwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza, naishi Mkolani, umri miaka 38. Huu ni mwaka wa nne nakimbia mbio ndefu. Sishindani na mtu. Ile ndiyo saa pekee ya siku ambayo hakuna anayeniita mama wala mwalimu, na nisipoipata mwili na moyo vyote vinanilemea.

Njia yangu ni hii: saa 11 na nusu alfajiri natoka nyumbani, nashika barabara ya Shinyanga hadi Nyegezi, nakunja kuelekea Malimbe na Luchelele mpaka nilione ziwa, kisha nageuza. Kwenda na kurudi inakaribia kilomita 12. Jumamosi naongeza kidogo.

Sasa masika. Mwezi wa tatu ukiingia mbio zangu zinakufa, na hazifi kwa siku moja. Jumatatu mvua imenyesha, nasema kesho. Jumanne mvua hakuna lakini njia ya Luchelele ni tope tupu. Jumatano raba bado mbichi. Alhamisi kunanguruma. Ijumaa hamu yenyewe sina tena. Mwaka jana nilisimama hivyo kuanzia katikati ya Machi mpaka Mei ikaisha. Juni anga lilipotakata nikarudi na kilomita zangu zilezile 12, kama vile nilikuwa nimelala usiku mmoja tu. Wiki ya tatu muundi wa mguu wa kulia ukaanza kuuma, mwisho hata kusimama ubaoni vipindi viwili mfululizo ikawa mateso. Daktari akaniambia nipumzike wiki 6. Hesabuni wenyewe: masika yalininyang'anya miezi miwili na nusu, na pupa yangu ikachukua mwezi mwingine na nusu.

Tena kuna hili. Septemba 15, 2025, usiku wa manane, niliwaamsha Kulwa na Doto tukamtazama kwenye simu Alphonce Simbu akichukua ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo. Mnakumbuka mwisho wake: yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa saa 2:09:48 wote wawili, ikabidi picha ya mstarini ndiyo iseme. Watoto walipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Asubuhi yake Doto akaniuliza, "Mama, Simbu mvua ikinyesha huwa anaacha?" Swali lile halijanitoka mpaka leo, na Machi ndiyo hiyo inabisha hodi.

Naomba mawazo ya watu waliopitia wenyewe. Mvua niikimbilie au niisubiri? Radi je? Raba mnakausha vipi, maana nina jozi moja tu? Jimu sitaweza, si kwa fedha wala kwa muda.

Mwana_Igombe

Pole na mguu, mwalimu. Mimi nimekulia Igombe, baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa, kwa hiyo naanza na radi. Mengine yote yanaweza kusubiri, hiyo haisubiri.

Ziwa letu lina tabia yake. Usiku nchi kavu inapoa upesi, maji yanabaki na joto. Upepo unatoka nchi kavu, pande zote, kwenda ziwani. Unakutana juu ya maji, hewa yenye unyevu inapanda, mawingu ya ngurumo yanajengeka. Ndiyo maana wavuvi wanaziogopa dhoruba za usiku wa manane na alfajiri kuliko za mchana. Mchana mambo yanageuka, mawingu yanajengeka huku kwetu nchi kavu, na mara nyingi tunapigwa alasiri. Sasa wewe saa 11 na nusu alfajiri unakimbia kuelekea Luchelele. Unaifuata dhoruba kwake.

Masika usitoke kwa mazoea ya saa. Simama mlangoni, tazama upande wa ziwa, sikiliza. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Ikiwa hujafika 30, iko karibu vya kutosha kukufikia, basi rudi ndani. Kama uko njiani, ingia kwenye nyumba yenye kuta au gari lililofungwa milango. Usiingie kwenye kibanda cha chipsi, wala chini ya mwembe, wala kwenye mapango ya haya mawe yetu, hata kama mvua haikufikii pale. Ngurumo ya mwisho ikipita, subiri nusu saa ndipo utoke.

Na ile ya nguo nyekundu tuliyokatazwa utotoni, msiitegemee. Radi haichagui rangi. Inapenda kilicho kirefu na kilicho peke yake mahali peupe, na mkimbiaji kwenye uwanda ndiye huyo.

Dereva_Buhongwa

Ombi la mtu wa barabarani. Sisi tuko magharibi, saa 12 kamili hapa bado ni giza wakati Dar wameshaanza kuonana sura. Giza likichanganyika na mvua, kioo kinajaa mng'ao wa taa za wenzangu, na mtu aliyevaa nyeusi simuoni mpaka nimemfikia. Dada, kimbia upande unaotazamana na magari na uvae kizibao kinachoakisi mwanga kama vya bodaboda. Na dimbwi lililotanda usilikanyage kwa kuamini. Chini yake panaweza kuwa na mtaro uliokosa mfuniko.

Luseni_Kisesa

Mwalimu, tope ni suala la kuchagua ardhi. Wazee wetu wa Kisukuma waliipa kila ardhi jina lake kwa sababu maalumu. Luseni ni ule mchanga mweupe wa juu, karibu na vilima vya mawe. Mbuga ni udongo mweusi wa mabondeni. Luseni inakunywa maji. Mvua ikikatika, hujamaliza kunywa chai njia imeshakuwa ngumu. Mbuga inakushika, kila hatua unanyanyua kilo ya udongo kwenye raba, na goti linalipa. Mimi kuanzia Machi nahamia luseni moja kwa moja. Nina mzunguko wa kilomita 2 nyuma ya nyumba, nauzunguka mara 5 au 6. Unachosha macho, sikatai. Lakini ngurumo ikianza sipo mbali na mlango wangu hata siku moja, na hilo linaungana na alilosema mwenzangu hapo juu.

Raba: tafuta jozi ya pili ya mtumba pale soko la Mlango Mmoja. Nenda mapema marobota yakifunguliwa, ikunje raba kwa mikono. Ikikunjika katikati kama chapati, iache. Inatakiwa ikunjike pale vidole vinapokunjikia. Kukausha ni hivi: toa soli ya ndani, jaza magazeti, baada ya saa moja toa yaliyolowa weka mengine, kisha ziache kivulini penye upepo. Usiziweke karibu na jiko la mkaa, gundi inaachia. Nililipia kosa hilo kwa jozi nzuri kabisa, soli ilibaki barabarani nikiwa kilomita 5 kutoka nyumbani.

Mafuta ya mgando yapake katikati ya vidole, mapajani, na popote mshono unapogusa ngozi. Ngozi iliyolowa inachubuka upesi.

Jambo ambalo watu wengi wanalipuuza: ukifika Luchelele na miguu imejaa tope, usishuke kuinawia ziwani. Kichocho kinaishi kwenye maji yaliyotulia ya ukingoni, penye majani na konokono, na vijidudu vyake vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Rudi na tope lako, utaoga nyumbani.

Chakula sitasema mengi. Ijumaa jioni michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga, Jumamosi mguu unakwenda.

Ngosha_Minnesota

Nimezaliwa Pasiansi, huu mwaka wa 9 niko Minneapolis, na swali lako limenigusa kwa sababu masika yangu mimi yanaanza Novemba yanaisha Machi, na ni theluji. Januari hapa asubuhi ya nyuzi 20 chini ya sifuri si habari. Maziwa yanaganda, watu wanaingia na magari juu ya maji, wanatoboa barafu wanavua samaki. Mtoto wa Mwanza kuona gari limeegeshwa ziwani, nilisimama nikalitazama muda mrefu.

Baridi ya kwanza nilitoka kuzunguka ziwa Bde Maka Ska, ni kama kilomita 5 tu. Nilivaa tisheti ya pamba ndani, koti zito juu. Nikatoka jasho, pamba ikalinywa yote, nikasimama kufunga kamba, na pale pale nikaanza kutetemeka mpaka taya linagonga. Wenyeji ndio walionifundisha: ndani kitambaa chembamba kisichoshika maji, juu kitu cha kuzuia upepo, mikononi mifuko ambayo vidole vinakaa pamoja. Na unaanza safari ukiwa umeukabili upepo ili ukiwa umeshalowa jasho wakati wa kurudi, uwe mgongoni. Kwako baridi ya namna hiyo haipo, lakini pamba iliyolowa mvua ya Mwanza nayo ni mzigo na msasa. Vaa jezi ya mpira wa miguu, zile za kawaida za sokoni. Inakauka ukiwa umeivaa.

Sasa la mguu wako, kwa kuwa hapo ndipo naona kosa lilipo. Pumzi huanza kushuka baada ya kukaa kama wiki 2, lakini ikirudishwa inarudi upesi. Mfupa na kano vinachelewa kuzoea tena. Wewe Juni pumzi yako iliwahi, ikaubeba mguu ambao haukuwa tayari, na muundi ndio uliolipa. Kwa hiyo masika usiyapange kama msimu wa kusonga mbele, na usiyape miezi yote. Mimi Desemba hadi Februari nakata kilomita karibu nusu, nakimbia siku 3 kwa wiki, lakini siku moja kati ya hizo naibakiza kasi ileile ya kiangazi, hata kama ni dakika 20. Mwili unahitaji kidogo sana ili kubaki ulipo, kuliko unavyohitaji kupanda.

Nikikata tamaa namkumbuka Yuki Kawauchi wa Japani. Januari 1, 2018 alikimbia marathoni nzima kwenye baridi kali kule Marshfield, Massachusetts. Aprili akarudi jimbo hilohilo kwa Boston Marathon, siku ya mvua ya baridi kali na upepo wa usoni, wakali wengi wakajitoa njiani, yeye akashinda kwa 2:15:58. Na mwalimu, wakati huo alikuwa mtumishi wa umma, kazi yake ofisini kwenye shule ya sekondari, anakimbia kabla ya kwenda kazini. Kama wewe.

MamaKulwa_Mkolani

Narudi, leo ni katikati ya Aprili. Asanteni sana, nimeyafuata karibu yote.

Njia ya Luchelele nimeiacha mpaka Juni. Nimepata luseni juu kidogo ya kwetu, chini ya mawe, mzunguko wa kilomita moja na nusu. Wiki ya kwanza nilitoka siku 4, ya pili 3, ya tatu 2 tu, halafu 3, 3. Hakuna wiki iliyopita bure. Alhamisi ni siku ya kasi, mizunguko miwili. Doto amejiteua kuhesabu: anakaa barazani na kopo la kokoto, nikipita anatoa moja, na hakubali nisimame kabla halijaisha.

Jumanne iliyopita nilisimama mlangoni, mmweko ukapiga upande wa ziwa, nikahesabu 22. Zamani ningesema "nitawahi". Nilivua raba nikarudi kitandani, jioni anga lilipotulia nikakimbia kilomita 6. Sikujua kwamba siku inaweza kuokolewa hivyo. Miaka yote nikikosa alfajiri nilikuwa naifuta.

Muundi hauumi. Naubonyeza kila usiku kuhakikisha.

Swali kwa Luseni_Kisesa: nimepata jozi ya Mlango Mmoja, soli safi, inakunjika panapotakiwa, lakini ya kushoto inabana kidole gumba nikifika kilomita ya 7 hivi, hasa ikishalowa. Fundi viatu anaweza kuitanua, au ndiyo nitafute nyingine kabla kucha haijang'oka?