Tupeane uzoefu: presha ya maji kwenye RV

Mkaa Texas: Wakuu, tulioko Marekani tunaoishi kwenye RV, hizi gari-nyumba, mnadhibiti vipi presha? Kambi moja maji yanachuruzika, nyingine yanataka kung'oa bomba. Hapa nilipo geji ilisoma psi 95 (psi ni kipimo cha presha, pauni kwa inchi ya mraba). Mabomba ya ndani yanavumilia. Maungio ya plastiki ndiyo yanayoachia, tena usipoyaona, nyuma ya kabati. Nimefunga regyuleta, kile kifaa cha kushusha presha, ya kurekebisha kwa bisibisi, iko kwenye psi 50. Ifungeni kule kwenye bomba la kambi, siyo kwenye gari, ili na mpira wa maji usalimike. Viregyuleta vile vidogo vya bei chee vinashusha presha, sawa, ila vinabana na wingi wa maji: mmoja akifungua sinki, anayeoga anabaki na povu kichwani.

Bint Jangwani: Mimi niko Arizona, porini, hakuna bomba la kuunga. Ni tenki na pampu ya volti 12. Ikaanza kukoroma usiku, trrr, kimya, trrr tena, na hakuna aliyefungua maji. Fundi akataka ninunue mpya. Kumbe uchafu umenasa kwenye vali inayozuia maji kurudi tenkini, presha inavuja taratibu. Kuisafisha tu, nikalala. Baadaye nikaongeza akumuleta, kale katenki kenye mpira na hewa ndani. Sasa nikisuuza kikombe pampu haishtuki.

Babu Siki: Bomba la jikoni peke yake likidhoofu, pampu haina kosa. Fungua kichujio cha mdomoni, kiloweke kwenye siki usiku kucha. Ni chokaa hiyo.

Dereva Arusha: Huku kwenye Land Cruiser za kambi hatuna makuu, ni bomba nene jeusi juu ya keria, jua linapasha. Ila kimo cha mita 2 kinakupa kama psi 3, maji yanadondoka kwa huruma. Wengine wanaweka vali ya tairi na kujaza hewa kwa kompresa. Tieni hewa kidogo sana jamani. Plastiki ikipasuka na hewa ndani, inarusha vipande.

Bint Jangwani: Mkuu wa Texas, baridi ikikaza hiyo regyuleta unaiacha nje?

Mkaa Texas: Hapana dada. Baridi ikikaribia nyuzi 0 za Selsiasi naivua pamoja na mpira, natumia maji ya tenki hadi jua litoke.