Kilele cha 58 kwenye 2-heksanoni kinatoka wapi?

kijana_wa_ketoni:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada nimekwama tangu jana. Nina spektra ya masi (grafu ya uzito wa vipande vya molekuli) ya 2-heksanoni, ketoni ya kaboni sita, sampuli imepigwa elektroni zenye nishati ya 70 eV kama kawaida, molekuli nzima naiona pale 100, 85 naielewa methili imeondoka na 15 yake, 43 ndo kirefu kuliko vyote nacho sawa tu bondi imekatika pembeni ya kabonili, yaani kaboni ya 2 iliyoshika oksijeni. Sasa hii 58! Nimechora nikakata bondi moja moja zote hakuna inayonipa 58, napata 57 tu. Ni uchafu kwenye sampuli au kuna kitu sikioni?

mama_ioni:
Sio uchafu mdogo wangu. Tazama namba yenyewe kwanza. Molekuli yako haina naitrojeni na uzito wake ni shufwa, ukikata bondi moja tu kipande kinachobaki na chaji kinakuwa witiri, ndo maana 85, 57 na 43 zote witiri. Ukikuta shufwa ujue kuna molekuli ndogo kamili imetoka. 100 toa 58 ni 42, hiyo propeni (C3H6). Oksijeni imeshapoteza elektroni moja kwa hiyo ina njaa, mnyororo unajikunja unakuwa kama duara la atomu sita, oksijeni inanyakua hidrojeni kutoka kaboni ya 5 halafu bondi ya kaboni ya 3 na ya 4 inaachia. Ndo mpangilio upya wa McLafferty huo, umepewa jina la mkemia, ukishauzoea utauona kila mahali.

kijana_wa_ketoni:
Duh, asante sana dada, hiyo ya shufwa na witiri sikuwahi kuambiwa na ingeniokolea siku nzima. Ila tunajuaje hidrojeni imetoka kaboni ya 5 na sio ya 4 au ya 6?

benzini77:
Swali zuri sana hilo mkuu, maana mishale kwenye karatasi unaweza kuchora yoyote ile na ikapendeza. Unatengeneza molekuli ileile ila kaboni ya 5 unaiwekea deuteriamu (hidrojeni nzito, uzito 2) mbili badala ya hidrojeni, molekuli inakuwa 102. Kama maelezo ya dada ni kweli basi deuteriamu moja inahamia kwenye oksijeni na nyingine inaondoka na propeni, kwa hiyo kilele kinasogea kutoka 58 kwenda 59. Ingekuwa inatoka kaboni nyingine kingebaki 58. Kama huna deuteriamu linganisha na 3,3-dimethili-2-butanoni, nayo ni 100 ila mnyororo wake mfupi, hauna hidrojeni ya kufikiwa namna hiyo. Pale 58 utaona kimchomozo kidogo tu, na hicho ni kile kipande cha 57 chenye kaboni-13, kaboni iliyozidi uzito kwa 1.

kijana_wa_ketoni:
Hiyo ya pili ninayo kwenye kabati la maabara, kesho naipiga naleta spektra hapa.