Udongo wa mbuga umejaa maji: nipande mboga sasa au nisubiri?

Bustani Uani: Wakuu, habari za Februari. Nina kieneo nyuma ya nyumba, Nzuguni hapa Dodoma, udongo ule mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Sasa hivi mvua ikipiga usiku, mchana maji bado yametuama na kandambili zinabaki kwenye tope. Mchicha unaota vizuri, halafu shina linalegea pale chini, unalala. Nataka mchicha, chainizi na nyanya za kula nyumbani. Jamaa kanishauri nimwage lori la mchanga. Mnasemaje?

Mkulima Hombolo: Lori la mchanga achana nalo. Mchanga kidogo kwenye udongo wa mfinyanzi kama huo wako unakupa tofali. Hela hiyo nunua samadi, Dodoma kwa wafugaji haikosekani, ila iwe imeoza, isiwe na joto wala harufu kali.

Mchicha wako una kinyausi, ugonjwa wa kuozesha shina la miche. Kinapenda unyevu na miche iliyobanana, kwa hiyo sia kwa mistari, mbegu chache.

Kabla ya kulima, chota udongo ufinyange kiganjani. Ukibaki donge linanata, jembe lipumzike. Ukilima hivyo, mabonge yakikauka utayapasua kwa nyundo. Donge likimeguka ukiligusa, nyanyua matuta: upana mita 1 ufikie katikati bila kukanyaga, kimo sentimita 30, mifereji ifuate mteremko. Usielekeze kwa jirani, mtaishia kwa mjumbe.

Mjukuu wa Bahi: Kwetu hapo tungeweka mpunga tu 😂

Mama Matembele: Mwanangu, pale panapotuama zaidi chomeka matembele, hayana makuu. Marando ninayo, nipo Kisasa, njoo PM.

Bustani Uani: Shikamoo mama, nakuja. Na nyanya?

Mkulima Hombolo: Nyanya usizipeleke shambani sasa, mvua zikikazana ugonjwa wa bakajani unamaliza majani yote. Sia kwenye kiroba kilichotobolewa chini, ukiweke barazani penye jua. Wiki nne hivi miche iko tayari, na mvua zinaelekea ukingoni. Hapo ndipo mbuga inakulipa: inatunza unyevu, wenzako wenye udongo wa kichanga watakuwa wanabeba madumu. Nyasi kavu tandaza wakati huo, sio sasa, utafuga konokono.

Mama Matembele: Na chainizi ianze kwenye tuta la juu kabisa. Mizizi yake haitaki kulala majini.