Tupeane uzoefu: mtoto ana mzio wa maziwa, mayai na karanga, unampikia nini akala kwa raha?

Mama Kibonge
Habari za jioni wakuu. Mwanangu ana miaka 4. Alipokuwa na miezi 11 nilimkorogea uji wa unga wa lishe. Hakufika nusu kikombe midomo ikavimba, mwili ukamtoka vipele kama ametambaliwa na siafu. Tukakimbia hospitali usiku. Vipimo vikaonyesha karanga, na baadaye maziwa ya ng'ombe na mayai.

Sasa kosa langu ni hili. Nilipata woga nikaogopa kila kitu. Mwaka mzima nilimpikia chakula cha mgonjwa: wali mtupu, viazi, maharage ya kuchemsha. Kitunguu sitii, binzari sitii, utadhani daktari alikataza ladha. Mtoto akiona sahani anafumba mdomo, uzito hauendi.

Siku moja narudi kazini namkuta jikoni na dada, wanakula ugali na dagaa. Dagaa wenyewe wametolewa vichwa, wameoshwa kwa maji ya moto, wamekaangwa mpaka wakakauka, halafu kitunguu, nyanya, tangawizi na ndimu. Analamba vidole. Nilisimama mlangoni na mkoba begani namkagua uso natafuta vipele. Hakuna kitu.

Tangu hapo napika kama watu. Kisamvu ambacho kwetu ni cha karanga sasa nakiunga kwa nazi, na hakuna aliyelalamika, baba yake ndiyo kwanza anaongeza. Kinachonishinda ni vitafunwa vya asubuhi na vya kubeba shule. Mkate wa dukani na maandazi ya mtaani siviamini, huyu katia maziwa, yule yai. Nyie mnafanyaje?

Mwana wa Pangani
Dada, una nazi ndani halafu unalia vitafunwa? Pika vitumbua. Mchele vikombe 2 uloweke usiku kucha, asubuhi umwage maji, usage kwenye blenda na tui zito kikombe kimoja na nusu, sukari nusu kikombe, iliki, hamira kijiko kimoja cha chai. Siri ni wali: tia vijiko viwili vya kiporo cha jana wakati wa kusaga, vinakuwa laini ndani. Acha uumuke saa moja hivi. Chuma kipate moto sawasawa, mafuta kidogo kila tundu, moto wa wastani. Wapo wanaotia yai, sijui wanatafuta nini.

Baba Watatu
Niwatahadharishe na maziwa ya mbuzi. Jirani alituapia kwamba hayana shida, tukampa mtoto, usiku uleule tukarudi hospitali. Daktari akasema protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, mtoto anayedhurika na haya mara nyingi anadhurika na yale. Na mtu akikwambia "hata mimi maziwa yananijaza gesi", usichukue ushauri wake. Hiyo ni sukari ya maziwa inamsumbua tumboni, siyo mzio.

Jikoni254
Wangu ana siliaki, ule ugonjwa wa utumbo kudhurika na gluteni ya ngano, kwa hivyo ngano hapana kabisa, na njugu pia zinamdhuru. Nilikuwa nampa uji wa wimbi, yaani ulezi, nikijua uko salama, lakini tumbo bado linafura na anaendesha. Kumbe shida ni posho mill! Mashine ileile inasaga mahindi, ngano, soya na njugu. Unga wa aliyekutangulia umebaki mle ndani, ndio unabeba nao nyumbani. Siku hizi nanunua wimbi nzima, napepeta, naosha, naanika juani kisha nasaga mwenyewe na kamashine kadogo ka nyumbani. Kazi ni mob, lakini tumbo lilitulia.

Mama Kibonge
Jikoni254 umenifumbua macho, mimi unga wangu wa ulezi nasagisha hapohapo wanaposaga karanga. Ila njugu unazosema ni njugu mawe?

Jikoni254
Hapana mama, ni karanga zenu. Huku tunaita njugu karanga, au njugu tu.

Shangazi wa Machame
Mtori. Ndizi mshare na nyama yenye mifupa, chemsha mpaka nyama iachie mfupa. Ponda ndizi kwa mwiko, rudishia supu na nyama. Watu wanamalizia kwa maziwa au siagi. Mimi nagonga mfupa, uboho unamwagikia humo. Mjukuu wangu hajawahi kuuliza maziwa yako wapi.

Shida yangu ni ndugu. Msibani shemeji alimpa kashata ya karanga "aonje tu, mnamdekeza". Siku hizi nikienda naye kwenye shughuli namlisha kabla, namfungia na kidumu chake, na nasema kwa sauti mbele ya watu wote kwamba karanga zinaweza kumuua. Wakiniona mkorofi na iwe.

Baba Watatu
Hapo umesema, shangazi. Na mafuta ya kukaangia je? Kijana wangu alikula chipsi kavu, akavimba macho. Kikaango kilekile kilikuwa kimetoka kupikia chipsi mayai.

Mama Kibonge
Mrejesho wa Jumamosi. Vitumbua vya awamu ya kwanza vilishika kwenye chuma, nikavikwangua kama ukoko, nusura nikutukane Mwana wa Pangani.

Mwana wa Pangani
Chuma hakikupata moto, shoga. Usiseme mapishi.

Mama Kibonge
Ni kweli, nilikuwa na haraka. Awamu ya pili vimetoka vyenyewe, vya kahawia pembeni, nyumba nzima inanuka iliki. Amekula vinne. Cha tano nimekikuta mfuko wa kaptula wakati nafua.